Baada ya Boma Kusimama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Michango ya Afya

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salamu. Kijijini kwetu kila kaya imechangia ujenzi wa zahanati kwa miaka kadhaa. Tumesomba mawe na mchanga, tumefyatua tofali, na boma limefika kwenye lenta. Sasa uongozi unataka tuchange tena, wakati sisi tulielewa kwamba sehemu iliyobaki ni ya serikali. Je, ni haki? Na mchango wetu una faida gani ikiwa boma limeota nyasi? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu msomaji, ulivyoelewa ndivyo utaratibu ulivyojengeka nchini. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, yaani MMAM, ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya, na katika utekelezaji wake wananchi walianzisha majengo kwa nguvu zao, kisha halmashauri ikatarajiwa kupaua, kumalizia na kuleta watumishi, vifaa na dawa. Boma hukwama mara nyingi kwa sababu msingi ulichimbwa kabla mradi haujaingizwa katika mpango na bajeti ya halmashauri. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi nyingine, mwulizeni mtendaji wa kijiji na diwani wenu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji: mradi huu umo katika bajeti ya mwaka gani, ramani yake ilitolewa na mhandisi wa halmashauri, na ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya umaliziaji? Majibu hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa maana ahadi ya mdomo huondoka na kiongozi aliyeitoa.

Likishapatikana jibu la paa, ningependa mchango wenu wa pili uende kwenye mambo ambayo wengi huyasahau, nayo ndiyo huamua kama zahanati itafanya kazi au itafungwa milango. La kwanza ni nyumba ya mtumishi. Muuguzi aliyepanga chumba katika kijiji cha mbali hawezi kuwahi mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, na wengi wao huomba uhamisho si kwa kukosa moyo wa kazi, bali kwa kukosa mahali pa kuishi na watoto wao. Baada ya hapo yako maji, ambayo kwa tangi na gata za kukinga mvua kijiji kinaweza kuyapata kwa gharama ya wastani, na liko shimo la kondo pamoja na kichomea taka. Mama anayekuja kujifungua akiwa amebeba mwenyewe glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kulalia, halafu akakuta hakuna hata ndoo ya maji ya kunawa mkunga, hajasaidiwa sana na ukuta mzuri.

Kuhusu usimamizi, miradi inayojengwa kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida na kununua vifaa wenyewe badala ya kumpa kazi yote mkandarasi, huwa na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wake hutoka miongoni mwenu. Kamati ya mapokezi isidharauliwe: ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa na kukataa mbao zisizokidhi kipimo. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kisichosomewa mapato na matumizi kina haki ya kuyadai kwanza, ndipo kijadili mchango mpya.

Niseme pia, kwa kuwa umeuliza faida, kwamba hospitali kubwa kuliko zote nchini mwetu ilianza kwa mkono wa mtu mmoja aliyetoa. Muhimbili chimbuko lake ni hospitali iliyojengwa Dar es Salaam mwaka 1897 kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, na jina lake bado linaitwa katika wodi za Sewahaji. Lakini fedha yake peke yake isingeiendesha hospitali hiyo hadi leo: waliolipa waganga na kununua dawa mwaka baada ya mwaka walikuwa wengine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mnapochanga mjue nani atalipia uendeshaji.

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha kinamama tunaokusanya sadaka kila Ijumaa. Tungependa kuwalipia wagonjwa wanaoshindwa gharama hospitalini, lakini tunaogopa fedha kupotea njiani. Tumkabidhi nani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa yeye ndiye anayemhoji mgonjwa asiye na uwezo na kupendekeza msamaha. Ni muhimu mfahamu kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewaondolea malipo wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Sadaka yenu isitumike kulipia kile ambacho mgonjwa anastahili kupata bure, maana hapo mtakuwa mmeibeba haki yake na kuigeuza hisani. Mgonjwa wa namna hiyo akikutana na mtu anayemdai malipo, msaidieni kwanza kuufuatilia msamaha huo.

Panapokuwa na deni halali, fedha taslimu zisipite mkononi mwa mtu yeyote: ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo ya mgonjwa husika, mlipe kwa simu au benki, mbaki na risiti. Hata hivyo, yapo mahitaji ambayo bili haiyaonyeshi kabisa, kama nauli ya kurudi kliniki, chakula cha anayemuuguza mgonjwa, na nepi za mzee aliyepooza. Hayo ndiyo yanayowafanya watu waache dawa nusu, na kikundi cha mtaani huyaona mapema kuliko ofisi yoyote.

Njia nyingine ni kuzikatia kaya maskini bima kabla hazijaugua. Katika CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi 300,000 zilitosha kaya 10. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadili mpangilio huo, hivyo waulizeni halmashauri viwango vya sasa kabla ya kukusanya.

SWALI: Mimi ni kijana sina kipato, lakini natamani kuchangia afya ya watu wa mtaani kwetu. Nitoe nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Toa damu, ndugu yangu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama humpokea mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50, na mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana muda wa kusubiri ndugu watafutwe vijijini, anahitaji chupa ambayo tayari imekwisha kupimwa na kuhifadhiwa. Unaweza kuchangia katika kituo cha kanda hapo Mwanza. Kula vizuri kabla ya kwenda, kunywa maji ya kutosha, na usifanye kazi nzito siku hiyo.