Kabla Hujamfunga Mtu Mota ya Mtetemo

Wageni wengi wa kazi hii ya kumwelekeza mtu asogeze mkono kwa mtetemo wa mota zilizofungwa kwenye ngozi huanza kwa kuuliza habari za mota na programu. Anza na ngozi kwanza, tena ngozi ya mtu aliye kwenye mwendo. Mkono unaposogea, ubongo hupunguza taarifa za mguso zinazotoka kwenye mkono huohuo. Mtetemo ambao mgonjwa wa kiharusi aliuhisi vizuri akiwa ametulia unaweza kumpotea kabisa anaponyoosha mkono kuchukua kikombe. Kwa hiyo nguvu ya mtetemo ipime akiwa kwenye zoezi lenyewe.

Ngozi hunasa vizuri zaidi mitetemo ya takriban hezi 200 hadi 300, yaani mitetemo 200 hadi 300 kwa sekunde. Vijimota vya duara, vya aina ile iliyozoeleka kwenye simu, hufika huko, ila kasi na nguvu yake haviachani: ukipunguza volti ili mtetemo uwe mpole, hezi nazo zinashuka. Tena huchukua makumi ya milisekunde kushika kasi, hivyo mpigo mfupi mno hauhisiki. Mkanda ukilegea, mota inacheza tu juu ya ngozi, na kila hatua inabadilisha anachohisi mtu. Usirundike mota pia. Kwenye ncha ya kidole tunatofautisha nukta mbili zilizoachana milimita 2 au 3. Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nafasi hiyo hufika karibu sentimita 4.

Kaa mbali na kano, yaani mishipi inayounganisha msuli na mfupa. Mwaka 1972 watafiti Goodwin, McCloskey na Matthews walionyesha kwamba ukitetemesha kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu, mtu asiyeutazama mkono wake huhisi kiwiko kinanyooka ilhali hakijanyooka. Unadhani unamwelekeza, kumbe unamdanganya kuhusu mahali ulipo mkono wake mwenyewe!

Amua mapema kama mtetemo unamaanisha “njoo huku” au “ondoka hapa”, umweleze mtu, na usichanganye. Mvalishe pia vipokea sauti vyenye kelele ya mfululizo, maana mota huvuma, na mtu anaweza kufuata mvumo kwa masikio ukasifu ngozi bure.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ukimya. Mota itetemeke pale tu mkono unapotoka nje ya mpaka mliokubaliana. Ukirudi ndani, inyamaze. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti za ujifunzaji wa mwendo wakatahadharisha kwamba mrejesho wa kila mara, yaani kumwambia mtu kila mara amefanyaje, humsaidia mtu wakati wa mazoezi, kisha humwacha akiutegemea. Mgonjwa anarudi nyumbani na mkono wake, si na kifaa chako. Mpime siku inayofuata akiwa hajavaa kifaa chochote, na kwenye ripoti matokeo hayo yatangulie yale ya siku ya mazoezi.