Mvua Ndiyo Iliyonionyesha Kwa Nini Gemu Ilikuwa Inakwama

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nilikuwa nyumbani Migosi naendesha basi kwenye Euro Truck Simulator 2. Najua, gemu yenyewe ni ya malori ya Ulaya, lakini vijana wa hapa nchini walishaivalisha mabasi yetu kitambo, na mimi lori silitaki. Basi langu lilikuwa linatembea kama limepewa barabara ya matuta matupu. Linateleza vizuri, linaganda, linaruka mbele, linaganda tena. Kisha mvua ya Kisumu ikaja jinsi inavyojua kuja, ikapiga mabati kama nusu saa, upepo baridi ukaingia dirishani, na basi likatulia kabisa. Sikuwa nimegusa chochote kwenye mipangilio.

Kilichoniuma ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshanunua kadi ya grafiki, yaani ile inayochora picha za gemu, ya mkono wa pili, GTX 1050 Ti, kwa sababu fundi mmoja aliitazama kompyuta yangu dakika mbili akasema, "Hii shida ni kadi, bosi." Pesa zikaenda. Kukwama kukabaki palepale. Kumbe shida ilikuwa joto, na mvua iliniambia bure.

Kwa hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, jiulize kwanza gemu yako inakwama vipi, halafu inakwama lini.

Tunapenda kuita kila kitu "kulegi", na hapo ndipo watu hupotea. Ukicheza na wenzako mtandaoni ukaona wao wanarukaruka huku na kule, lakini wewe ukigeuza kamera picha inageuka laini, hiyo ni intaneti. Kompyuta haina kosa. Cheza bila mtandao uone kama itarudia. Picha ikiwa nzito mwanzo mpaka mwisho, fremu (yaani picha moja moja) 20 kwa sekunde bila kupanda wala kushuka, mashine imezidiwa tu. Punguza ubora wa picha, ukae na amani. Kukwamakwama ni jambo la tatu. Kihesabu fremu kinakuonyesha 55, kila kitu kinaonekana sawa, na bado jicho linaona mtikisiko.

Sababu ni hii. Skrini ya kawaida ya hezi 60 inasubiri picha mpya kila milisekunde 16.7. Picha nyingi zikifika kwa wakati na moja ikachelewa milisekunde 150, wastani hautashtuka, lakini jicho litashtuka. Ni kama matatu za Kondele. Mtu akikuambia zinapita ishirini kwa saa, hajakuambia kama zinapita moja moja ama zote zimekuja pamoja baada ya wewe kusimama juani dakika arobaini. Ndiyo maana siku hizi siangalii tena ile namba ya fremu pekee. Natumia MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, zote za bure, zinachora mstari wa muda wa kila fremu. Mstari ukinyooka, gemu iko laini. Ukiota miiba, angalia miiba inaota wakati gani.

Ikiota mara ya kwanza tu unapoingia sehemu mpya au mlipuko wa kwanza unapotokea, halafu ukirudi hapo haioti, mara nyingi gemu inaandaa sheda, yaani vile vijiprogramu vya kuchora mwanga na vivuli. Cheza tu, itapungua yenyewe. Ikianza baada ya dakika kumi na tano au ishirini na kuzidi mchana, shuku joto.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa yangu. Nilifungua Task Manager ya Windows kwa Ctrl+Shift+Esc, nikaenda pale pa utendaji, nikaiacha wazi huku nacheza. Prosesa yangu ni i5 ya kizazi cha nne, kompyuta ya ofisi ya mtumba kutoka Uingereza, na kwa kawaida inakimbia kwa gigahezi 3.2 au zaidi. Asubuhi ilikuwa hapo. Alasiri ilishuka mpaka 2, ikapanda, ikashuka tena. HWiNFO, programu ya kupima joto, ikanionyesha nyuzi 98. Prosesa ikifika karibu na 100 inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na kila inapojipunguza, basi langu linaganda.

Nilizima, nikachomoa waya wa stima, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha, kisha nikafungua. Jamani. Juu ya kipoozeo cha prosesa kulikuwa na blanketi la vumbi la kijivu unaloweza kulivua kwa kidole likatoka zima kama ngozi ya mbuzi, na ndani yake wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, wamekauka kwa mamia. Hewa ingepitia wapi? Tena juu ya kasha tulikuwa tumetandika kitambaa cha kufuma, kizuri, cha maua, kimefunika matundu yote ya juu. Kitambaa hicho alikifuma mama mwenyewe, kwa hivyo hakikutupwa. Kimehamia kwenye redio.

Nilitumia brashi mpya ya rangi niliyonunua Kibuye, laini, ya inchi moja, pamoja na blowa ndogo. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaweza kuharibika. Compresa ya gereji mimi naikwepa, nyingine hutema maji. Kisha nikang'oa kipoozeo. Pesti ya kupitisha joto iliyokaa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa pombe safi ya isopropili, nikaweka nyingine kiasi cha punje ya mbaazi, nikafunga skrubu kwa kupishana kona. Alasiri iliyofuata, jua lilelile, mabati yaleyale: nyuzi 74. Mwendo haukushuka tena.

Nikatangaza ushindi. Wiki mbili baadaye mpwa wangu akapiga simu kutoka Nyalenda. "Anko, yangu nimeisafisha mpaka inang'aa na bado inakwama."

Na kweli ilikuwa baridi. Yake haina kadi ya grafiki, inategemea grafiki iliyo ndani ya prosesa, na grafiki ya aina hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. Kwenye Task Manager, pale pa kumbukumbu, huandikwa ni nafasi ngapi zimetumika. Yake ilisema 1 kati ya 4. Kijiti kimoja cha GB 8. Kijiti kimoja ni njia moja, prosesa na grafiki zinasukumana humo humo. Tuliongeza kijiti cha pili kinachofanana nacho, tukakiweka kwenye nafasi inayounda jozi na ya kwanza (kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, mara nyingi jozi huwa na rangi moja), na mstari ukanyooka siku hiyo hiyo. Kwa mashine isiyo na kadi, hapo ndipo ningeweka pesa zangu za kwanza. Ila nenda dukani na kijiti chako cha zamani mfukoni. DDR3 na DDR4, aina mbili za RAM, haziingiliani, hata mkato wa chini hauko mahali pamoja.

Wenye kadi nao wasicheke. Jirani yangu alikaa na kadi mpya mwezi mzima huku kebo ya skrini imechomekwa kwenye tundu la juu, la ubao mama, badala ya matundu ya chini yaliyo kwenye kadi yenyewe. Inamaanisha gemu ilikuwa inachorwa na grafiki ya prosesa, kadi imekaa kama mgeni asiyekaribishwa chai. Chungulia nyuma ya mashine yako sasa hivi, sitamwambia mtu.

Mengine ni ya haraka. Funga kivinjari chenye vichupo thelathini. Masasisho ya Windows yasubiri umalize kucheza. Kwa laptopu, chomeka chaja, kwani ikitumia betri hujipunguza nguvu. Kama mashine inacheza kati ya fremu 40 na 55, ifunge kwenye 30 kwa RivaTuner. Utaona ajabu kwamba 30 za kupangana zinapendeza macho kuliko 50 za vurugu.

Na kwa wenzangu wa mabasi, vioo vya pembeni. Kila kioo kinailazimisha kompyuta ichore barabara upya kutoka pembe nyingine. Nilishusha ubora wa vioo pamoja na ile asilimia ya ukubwa wa picha kutoka 200 hadi 100, nikapata nafuu kubwa kuliko kadi ilivyonipa.

Bado inaganda nusu sekunde nikikaribia mji mkubwa, kwa sababu gemu iko kwenye diski ya zamani inayozunguka, na hapo ndipo inasoma majengo mapya. SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ingemaliza. Lakini pesa za SSD ndizo zilizonunua ile kadi, kwa hivyo kwa sasa nikikaribia mji naachilia tu mafuta kidogo, kama dereva aliyeona matuta.