Kondomu ilikuwa kwenye pochi, arosto ikaamua

Nilijidunga unga, yaani heroini, miaka sita hapa Dar es Salaam kabla sijaanza kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, mwaka 2013. Sasa ni mwelimishaji rika, na kila nikikaa na familia za waraibu naulizwa lile lile: kwani hawajui kama kuna ukimwi? Tunajua. Mimi nilikuwa natembea na kondomu mbili kwenye pochi, nimezifunga ndani ya leso pamoja na hela ya kete ya unga.

Asubuhi nikishapata, mwili umetulia, naapa: leo siendi peku, bila kondomu, na mtu. Nilikuwa namaanisha. Ikifika saa kumi jioni arosto inaanza, yale mateso ya mwili kukosa unga. Pua inachuruzika, mifupa inauma, tumbo linakata. Akatokea mwanamume, mteja, akasema anaongeza elfu tano tukiacha kondomu. Ile elfu tano sikuiona kama hela, niliiona kama kete. Kondomu zikarudi nyumbani zimefungwa vile vile.

Kwa hiyo dada yangu ambaye bado unatumia, masharti yako yaweke mapema, kabla arosto haijakukuta. Na usiyaweke peke yako. Maskani yetu tulikuwa wanawake wanne, na siku tulizokubaliana kwamba hakuna anayekwenda peku, kukataa kulikuwa rahisi, maana mteja hakuwa na pa kukimbilia.

Kwa mpenzi, kukataa ni kugumu zaidi. Mtu mliyechangia bomba la sindano, aliyekutafutia unga ukiwa hoi, unamtoleaje kondomu? Anasikia unamwita mgonjwa. Sisi waraibu tunapendana kwa kugawana. Hapa Dar, watafiti waliandika tangu 2005, wanawake walifikia kupeana damu kwenye bomba: aliyejidunga anavuta damu yake, anampa mwenzake asiye na kitu ajidunge, ili arosto isimtese. Walikuwa wanahurumiana, na njia ile ilibeba virusi vya ukimwi na homa ya ini moja kwa moja. Mimi wangu nilimwambia, "Twende tukapime wote wawili, mimi nitangulie." Nilichagua siku ambayo wote tulikuwa vizuri. Alinuna siku tatu, kisha akaja.

Kuna jambo lingine ambalo kuwagawia watu kondomu hakuliponyi. Nesi mmoja aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mateja tumeshajifia. Nilimwamini. Mtu aliyeshajifia anajikinga na nini? Nilikaa karibu mwaka bila kwenda kituo chochote cha afya. Ukiwa na ndugu anayetumia, chunga maneno yako, tafadhali sana.

Kisha methadoni. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na wengi tumepona pale. Ila hatukuambiana mapema kwamba unga ulikuwa umezima mwili. Miezi michache baada ya kuanza dawa hedhi yangu ilirudi, na hamu pia. Mwenzangu mmoja alidhani hawezi tena kushika mimba, akashika. Ukianza dawa, zungumza na mhudumu habari ya uzazi wa mpango wiki hiyo hiyo. Ukiteleza ukaenda peku, wahi kituo cha afya uombe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi kabla saa 72 hazijapita.

Na kondomu chukua palepale kliniki, ukishameza dawa, kabla hujafika getini.