Uliza Fundi: Gauni la miaka ya 1930 linanikwama nyongani

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Rafiki yangu anatimiza miaka 40, na sherehe yake Masaki ni ya mavazi ya miaka ya 1930. Nilinunua satini Kariakoo, fundi wa mtaani akanishonea gauni refu la mgongo wazi. Kwenye picha linatiririka mwilini kama maji, langu linakwama nyongani. Nimekosea kitambaa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitambaa hakina kosa, mkasi ndio uliokosea. Fundi wako amekata wima, kama sare za harusi. Magauni yale yalikatwa hanamu, digrii 45 kutoka ukingo wa kitambaa, mtindo aliouvumisha mbunifu wa mavazi Mfaransa, Madeleine Vionnet. Hapo kitambaa huvutika chenyewe kikafuata umbo. Lakini kinakula mita nyingi, jiandae.

Hilo la sasa ligeuze blauzi. Jipya, fundi avute kitambaa kidogo anaposhona, la sivyo uzi utakatika ukikaa. Halafu msikunje upindo siku hiyohiyo! Litundikeni usiku na mchana mzima, maana hanamu hushuka, tena si sawasawa. Niliwahi kuharakisha; mteja akaniuliza, "Mama, kwani mimi nachechemea?" Kushoto lilikuwa refu vidole vitatu zaidi.

Ndani vaa shimizi laini, kila mstari wa chupi unaonekana. Rangi chukua nyeusi. Kwa joto letu, satini ya kijivu inatangaza jasho. Na bajaji siku hiyo iache, mwanangu. Huo mkia utaishia kwenye tairi.