Uliza Fundi: Kamba ya swichi imekatikia darini

SWALI: Fundi, habari za kazi. Katika nyumba tuliyopanga hapa Leicester, Uingereza, bafuni hakuna swichi ya ukutani, unavuta kamba inayoning'inia darini. Juzi mtoto aliivuta ikakatika, na kipande kilichobaki kimezama ndani ya kile kikopo cheupe. Taa sasa inawaka usiku na mchana. Naweza kufunga kamba mpya mwenyewe?
Mama wa wawili, Leicester

JIBU: Pole, mama. Kwa kuwa mmepanga, mwandikie mwenye nyumba kwanza. Huko England, sheria ya mwaka 1985 inamtwika yeye matengenezo ya umeme wa nyumba katika mikataba ya kawaida ya kupanga. Yanayofuata ni ya anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, nawe yatakusaidia kumkagua fundi atakayeletwa.

Kama kamba ingekatikia chini ya kile kiungio cha plastiki kilicho katikati yake, kazi ingekuwa ya dakika tano: unafungua kiungio, unapitisha kamba mpya, unapiga fundo, unachoma ncha kwa kiberiti isifumuke. Lakini iwe nailoni au polyester, kamwe isiwe waya wala mnyororo wa chuma. Swichi ya bafuni imewekewa kamba kwa sababu ya mikono yenye maji: mkono unashika uzi usiopitisha umeme, umeme wenyewe unabaki darini.

Yako imekatikia ndani, kwa hiyo swichi nzima ibadilishwe. Wapo wanaoifungua warudishe kamba. Springi huruka, vipande havirudi vilivyokuwa, na plastiki inayogeuza swichi mara nyingi imeshalika. Swichi ya taa ni pauni chache tu. Nunua ya ampea 6, ya njia mbili (ile ya taa inayowashwa kutoka sehemu mbili), maana hiyo inafanya kazi hata penye njia moja. Zile kubwa za ampea 45 ni za shawa ya umeme. Chagua yenye kitako kipana kama cha zamani au zaidi, la sivyo darini itabaki duara ya rangi ya kale.

Fanya kazi mchana. Zima breka ya taa, kwa kawaida ya ampea 6, na mtu asiiguse. Taa kuzimika si ushahidi kwamba nyaya zote zimekufa, kwani feni ya bafuni huenda inapata umeme kwa njia nyingine. Tumia kipimo cha ncha mbili: kijaribu penye umeme, pima nyaya za swichi, kisha kijaribu tena penye umeme. Bisibisi ya testa yenye taa ndogo usiiamini hapa.

Fungua kifuniko, piga picha kabla hujalegeza skrubu hata moja. Utaona waya wa kahawia na wa bluu. Katika nyumba za kabla ya 2006 huenda ni nyekundu na nyeusi. Hapa ndipo wengi hukosea: bluu au nyeusi ya kwenye swichi si nyutro, ni waya unaopeleka umeme kwenye taa. Ule uliokuwa kwenye tundu lililoandikwa COM urudi COM, mwingine uende L1. Fuata herufi, usifuate mahali tundu lilipo, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Ncha ya shaba iliyochakaa ikate, menya upya kama milimita 8, kaza, kisha vuta kila waya kidogo uone kama umeshika. Waya wa ethi, yaani wa usalama unaokwenda ardhini, uvishwe ganda la kijani na njano, uwekwe kwenye tundu lake.

Kitako kipigwe skrubu kwenye mbao au boksi, si kwenye jipsamu tupu. Swichi hii inavutwa chini kila siku, jipsamu huachia. Na kamba ivutwe wima. Ukivuta kwa pembeni inasuguana na ukingo wa tundu kama msumeno, na huko ndiko hukatikia. Mwambie kijana asiiachie kama manati.

SWALI: Swichi ya kamba ya shawa ya umeme inapata moto na kunuka plastiki. Ni kawaida?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kawaida, zima breka yake sasa. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inakula karibu ampea 23, mfululizo. Swichi ya ampea 20 haiwezi. Inatakiwa ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili. Kama tayari ni hiyo, basi huenda skrubu za nyaya zimelegea, na penye kulegea ndipo panapozaa joto. Ukikuta ganda la waya limeungua, likate hadi kwenye shaba safi na ununue swichi mpya. Tundu lililoungua halikazi tena. Fundi akague na ukubwa wa waya wenyewe: wa milimita mraba 2.5 ni mdogo kwa mzigo huo.