Matumizi ya Watoto Baada ya Talaka: Kiasi Kinavyofikiwa

Wazazi wanaoachana hapa Mombasa aghalabu huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni pesa ngapi zitakazotolewa kila mwezi kwa ajili ya watoto? Wengi huwa wameshaambiwa na jamaa au jirani kwamba sheria imeweka theluthi ya mshahara, au kiwango maalumu kwa kila mtoto. Sheria ya Kenya haina kiwango kama hicho. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba jukumu la kumkimu mtoto ni la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamwachia hakimu apime mahitaji ya mtoto pamoja na uwezo wa kila mzazi. Kiasi basi hutokana na karatasi zinazowekwa mbele yake, na mimi niliyepitia shauri hili baada ya talaka yangu nakusihi uzitayarishe kwa makini kuliko unavyotayarisha malalamiko dhidi ya mwenzako.

Anza na mahitaji, na uyaandike kwa mwezi. Karo hulipwa kwa muhula, kwa hiyo jumlisha mihula mitatu kisha ugawanye kwa miezi 12; sare za shule na nguo za sikukuu zigawanye vivyo hivyo. Kodi ya nyumba ndiyo inayozua ubishi mkubwa, kwa sababu mzazi anayeishi na watoto huiandika yote, na mwenzake hukataa akisema kwamba hawezi kumlipia mtu mzima nyumba. Sisi tulikuwa watatu katika nyumba ya shilingi 9,000 huko Kisauni, mimi na watoto wawili, nami nikaandika 6,000 tu kuwa fungu la watoto. Chakula chao kilikuwa 7,500, karo 3,750, madrasa 600, nguo 1,000, dawa na kliniki 1,000. Jumla ikawa 19,850. Kila tarakimu ilikuwa na risiti au barua ya shule nyuma yake, na hakuna hata moja iliyopingwa.

Kisha huja mapato, na hapa kila mzazi hutakiwa kuapa kwa maandishi anapata nini, anamiliki nini na anadaiwa nini. Kwa mwajiriwa mambo ni mepesi kiasi, ijapokuwa nakushauri usiishie kutazama pesa zinazobaki mkononi: tazama pia mikopo ya sacco inayokatwa, na ilianza lini, kwa maana mkopo uliochukuliwa baada ya shauri kufunguliwa ni haki yako kuuhoji. Kwa watu wa pwani wanaoishi kwa msimu, kama wafanyakazi wa hoteli, mabaharia wa mikataba na makuli wa bandarini, mwezi mmoja hauwezi kusema ukweli. Omba taarifa ya M-Pesa na ya benki ya mwaka mzima, kisha utafute wastani. Mahakama huweza pia kuangalia uwezo wa mtu wa kuchuma, wala si mapato ya siku hiyo pekee, hivyo anayeacha kazi kwa makusudi hajajiondolea wajibu.

Usawa unaotajwa na Katiba haumaanishi kwamba kila mmoja atoe nusu. Sisi tulipokaa na afisa wa watoto, baba alikuwa na wastani wa 45,000 nami 25,000, tukagawanya gharama kwa uwiano huo: kwake takriban 12,760, kwangu 7,090. Mahakama hailazimiki kufuata uwiano, lakini ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, kwa sababu kila upande unauona ulikotoka. Karo akaikubali ailipe moja kwa moja shuleni, na zilizobaki, kama 9,000, zikawa za kutumwa kila mwanzo wa mwezi. Vilevile kazi ya kupika, kufua na kukesha na mtoto mwenye homa ni mchango, na mzazi anayelea hana sababu ya kuona haya kuitaja.

Waislamu wengi huanza kwa Kadhi, pamoja na shauri la talaka, na huko pia kipimo ni uwezo: aya ya 7 ya Surat At-Talaq inamtaka mwenye wasaa atumie kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa kwa kadiri ya alichopewa. Wengine huenda Mahakama ya Watoto ya Tononoka. Mkiafikiana kwa afisa wa watoto, andikeni makubaliano na kutia saini, kwani ahadi ya mdomo haidaiki kwa urahisi.

Lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, hasa M-Pesa, kila mara kwa namba ileile. Mahitaji yakibadilika, mathalani mtoto akiingia sekondari au mzazi akipoteza kazi, rudi mahakamani uombe kiasi kirekebishwe badala ya kukipunguza mwenyewe, kwa sababu amri ya zamani huendelea kufanya kazi na malimbikizo yake hudaiwa. Wajibu huu kwa kawaida hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, ila mahakama huweza kuurefusha akiwa bado masomoni au akiwa na ulemavu. Ombi hilo liwasilishwe mapema, likiambatana na barua ya chuo au ripoti ya daktari.