Kilomita 10 alfajiri, kamba usiku, na mzani umegoma

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina miaka 34, urefu sentimita 160, naishi Shangani, Mtwara. Mwezi wa kwanza wa mazoezi nilishuka kutoka kilo 91 hadi 86, nikafurahi nikaongeza. Sasa naamka saa 11 alfajiri nakimbia kilomita 10 barabara ya Mikindani, jioni nafanya mazoezi ya viungo saa nzima na kikundi karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona, usiku naruka kamba dakika 20. Kila siku, Jumapili pia. Navaa koti la nailoni nitoke jasho. Nakula mara moja, mchana. Wiki ya tano hii mzani haujasogea. Usingizi hauji, muundi wa kulia unauma, na siku zangu sijaziona miezi miwili. Wenzangu wanasema niongeze kamba. Niongeze?

JIBU: Usiongeze, dada. Punguza, tena kuanzia kesho.

Tupige hesabu kwanza. Mtu akikimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Kilo 86 kwa kilomita 10 ni kalori 860 hivi. Weka mazoezi ya jioni na kamba, unafika kama 1,400. Na mwili wako, hata ungelala kitandani kutwa nzima, unadai kama 1,500 za kuendesha moyo, ubongo na ini. Sahani moja ya ugali, samaki na mboga haiwezi kulipa deni hilo. Mwili ukiona hivyo unabana matumizi: unakufanya ukae tu mchana kutwa, unakunyima usingizi, unasimamisha hedhi.

Sasa mbona mzani umegoma? Sababu ya kwanza ni maji. Misuli inayochoshwa kila siku bila kupumzika huvimba kidogo na kushika maji, na homoni za msongo huzidisha hali hiyo. Unaweza kupoteza mafuta huku maji yakiziba pengo, mzani ukasoma vilevile. Sababu ya pili hukutuandikia, nasi hatukutuhumu, lakini huko kwenu iko mezani kwa kila mtu: korosho. Anayekula mara moja kwa siku, ikifika jioni hutafuna bila kuhesabu. Kikombe cha chai kilichojaa korosho za kukaanga ni gramu 140 hivi, yaani karibu kalori 800. Mbio zako zote za alfajiri zimo humo kikombeni. Kiganja kimoja kidogo cha korosho, gramu 30, ni kama kalori 165. Hilo halina neno.

Koti la nailoni livue leo. Linatoa maji, halitoi mafuta. Jipime kabla na baada ya kukimbia, bila nguo zilizolowa: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji, na itarudi ukinywa. Kwa unyevu wa pwani jasho halikauki, hivyo mwili haupoi. Ukilifunga ndani ya nailoni unajipika. Mkojo ukitoka wa rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi makali, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Hospitali siku hiyohiyo.

Muundi na hedhi tunavitazama pamoja, maana huenda vina mzizi mmoja. Anza na kipimo cha mimba. Wengi wanakiruka hatua hii. Kama huna mimba, chakula kisichotosha ndicho mshukiwa mkubwa. Hedhi ikikatika kwa njaa, homoni inayolinda mifupa hushuka, na mfupa unaopigwa lami kilomita 70 kwa wiki huanza kupasuka nyufa ndogo. Kaa chini, bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole kuanzia juu kushuka. Maumivu yakitanda eneo refu kama upana wa vidole vinne au zaidi, mara nyingi ni uchovu wa mfupa na misuli inayoushika. Yakiwa sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, usikimbie hata hatua moja mpaka uonwe hospitali. Picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo inaweza isionyeshe ufa, kwa hiyo majibu safi yasikurudishe barabarani. Hedhi ikifika mwezi wa tatu bila kurudi, hilo nalo ni la daktari.

Kiasi gani basi? Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kwa kupunguza uzito, 250 ni lengo zuri. Wewe uko juu ya 1,000.

Wiki ya kwanza tembea dakika 30 tu, tena kama kutembea hakuumi, na rudisha milo mitatu. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: dagaa, pweza, mayai, kunde au mbaazi. Punguza ugali au wali hadi robo ya sahani, mboga nusu. Wiki ya pili na kuendelea, tembea haraka dakika 45 siku nne. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Siku mbili fanya nguvu dakika 30: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, pushapu za ukutani mara 10, kulala chali na kuinua nyonga mara 12, kubeba ndoo mbili za lita 10 hatua 40. Rudia mzunguko mara tatu. Siku ya saba pumzika kabisa. Mbio zisubiri muundi unyamaze, kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, mara 10. Kila wiki usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima, andika. Baada ya siku tano za utulivu utajua wastani wako. Asubuhi mapigo yakizidi wastani huo kwa manane au kumi, siku hiyo ni ya kutembea tu, hata kama kikundi kinakuita. Kushuka nusu kilo kwa wiki kunatosha, na wiki mbili tatu za kwanza mzani unaweza hata kupanda kidogo chakula kikirudi. Pima kiuno kwa utepe pia.

SWALI: Mimi ni mkulima wa korosho Nachingwea, miaka 47, nina kitambi. Napalilia kutwa. Daktari kasema nifanye mazoezi. Nikimbie tena jioni?

JIBU: Siku ya palizi, hapana, baba. Jembe kwa saa nne ni mazoezi kamili, na kukimbia juu yake ni kuutafutia mgongo ugonjwa. Tatizo lenu wakulima huja msimu wa kazi ukiisha: kazi inapungua, sahani inabaki ileile. Miezi hiyo ndiyo ya kutembea dakika 45, siku tano kwa wiki, na kupunguza tonge kwa theluthi. Na siku za kupuliza salfa, dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), usijichoshe kwa lolote jingine. Ukihema kwa nguvu unavuta vumbi zaidi.